Mcheza Kwao Hutunzwa: Tanga na Msimu wa Kipupwe

 

Masika yamekwisha. Barabara za Ngamiani, hapa Tanga, zimekauka. Kusi linavuma kutoka baharini, na usiku mtu anatafuta shuka mwenyewe bila kuambiwa. Tumeingia kipupwe. Kwetu mwambao, Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya watu kukaa nje. Shule hufunga mwezi wa sita, harusi zinapangwa, na wavuvi wengi hupunguza safari za mbali kwa kuwa bahari ya kusi haina mzaha. Nafasi ipo na hewa inaruhusu. Basi leo nataka tuulizane: Tanga inaufanyia nini msimu huu?

Nauliza kwa sababu wenzetu wanajua wanachokifanya. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai wana sherehe za Mwaka Kogwa. Mji Mkongwe una tamasha lake la filamu za nchi za jahazi, ZIFF, lililoanza mwaka 1998. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Wasukuma hukusanyika mwezi Juni kwa tamasha la Bulabo. Bagamoyo walianza tamasha lao la sanaa na utamaduni mwaka 1982, na mji ule ni mdogo kuliko huu wetu. Na sisi je? Jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu karibu laki nne, lenye bandari, reli, viwanja na ufukwe, lina kitu gani ambacho mgeni anaweza kuambiwa, njoo Tanga mwezi wa saba, utakikuta?

Rai yangu naitoa mapema ili tusizungushane. Tanga haikosi wasanii, wala haijapata kuwakosa. Inachokosa ni utaratibu wa kuwatunza wakiwa hapahapa nyumbani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini ukiifuatilia historia ya muziki wa Tanga, utakuta wengi waliocheza kwao, wakapendwa na kushangiliwa kwao, kisha wakalazimika kwenda kutunzwa kwingine.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika mwambao huu, na mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza hapa Tanga kuelekea bara. Mkonge ulihitaji mikono mingi. Wakaja watu kutoka Unyamwezi, kutoka Songea, kutoka Msumbiji, kutoka Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba. Walikuja kwa mikataba ya kazi, na kila kundi lilikuja na ngoma yake. Hapa wakawakuta Wadigo, Wabondei, Wazigua, Wasambaa na Waswahili wa pwani, nao wana zao. Jumamosi ya malipo, fedha ya mkonge iliingia mjini, na fedha hiyo ilitaka mahali pa kuchezea. Kwa hiyo burudani ya Tanga ililetwa na watu wa kazi, na watu wa kazi ndio walioilipia.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza miji ya mwambao ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni. Marini kwa upande mmoja, Arinoti kwa upande wa pili. Walikuwa na sare, vyeo, tarumbeta na gwaride. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 1975, na jambo analolionyesha vizuri ni kwamba vyama vile vilifanya kazi kubwa kuliko kucheza. Mwanachama akiugua, wenzake walikwenda kumtazama. Akifa, walimzika. Akiozesha, walichangia. Ngoma ilikuwa chama, na chama kilikuwa bima ya maskini mjini, mahali ambapo mtu aliyetoka mbali alipata ndugu wapya.

Baada ya beni ukaja muziki wa dansi. Tanga ikawa na Jamhuri Jazz, bendi iliyoanza kwa jina la Young Nyamwezi, na ikawa na Atomic Jazz ya kina John Kijiko na Stephen Hiza. Mji ukagawanyika. Huyu wa Jamhuri, yule wa Atomic, na ndani ya nyumba moja unakuta kaka na dada hawapatani kuhusu bendi ipi ina gitaa tamu zaidi. Ni upinzani uleule tulionao katika uwanja wa Mkwakwani kati ya timu za soka za Coastal Union na African Sports. Watu wa nje wanaweza kuuona kuwa ugomvi, lakini mtu wa Tanga anajua kuwa upinzani wa namna hii hunoa vipaji. Bendi yenye mpinzani mtaa wa pili haiwezi kulala. Ikitoka na wimbo mmoja leo, wiki ijayo inajibiwa.

Na taarab, msikilizaji, hapo ndipo Tanga ilipofanya jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha. Unguja walikuwa na Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905, kundi la wapigaji wengi, lenye fidla, udi, ganuni na nai, na wasikilizaji waliketi kwa adabu zao. Vijana wa Tanga katika miaka ya 1960 walichukua njia nyingine. Black Star Musical Club walipunguza idadi ya wapigaji, wakaingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, wakabaki na kodiani na ngoma ndogo za bongo, wakakaza mwendo. Sauti za wanawake zikawekwa mbele. Ikafuata Lucky Star Musical Club, nayo ikashika njia hiyohiyo kwa ladha yake. Taarab ikawa kitu cha kusikiliza na cha kuinukia. Mtindo huo ukavuka mpaka hadi Mombasa, ukawagusa wanamuziki wa kule, na mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ikatoa albamu ya nyimbo za makundi haya mawili, wakaiita Nyota. Msikilizaji wa London aliweza kuinunua taarab ya Ngamiani dukani, wakati watoto wengi wa Ngamiani wenyewe hawaijui hata kwa jina.

Sasa nikuonyeshe jinsi kutunza kunavyofanyika, maana kuna vijana wanaonisikiliza ambao wameliona jambo hilo kwenye simu tu. Mwimbaji anaanza beti ya kwanza. Wapigaji wameketi nyuma yake, kinamama wameketi mbele, sare zao za dera au kanga zimelingana. Beti ya kwanza inapita, watu wanatikisa vichwa. Inafika beti ya pili, na kuna mstari mmoja ndani yake unaomgusa mtu. Mama mmoja anainuka. Ana noti mkononi, ameikunja kwa urefu, ameinyanyua juu ya kichwa ili kila mtu aione. Haendi moja kwa moja kwa mwimbaji. Anazunguka, anacheza taratibu kwa mabega, anapita mbele ya meza ya fulani, na pale mstari ule unaporudiwa anasimama kidogo. Hasemi neno. Kisha anakwenda kumpa mwimbaji noti yake na kurudi kuketi. Ukumbi mzima umeelewa nani kaambiwa nini. Kabla wimbo haujaisha, mwingine naye ameinuka na noti yake, anajibu.

Tazama kilichotokea hapo. Mwimbaji amepata riziki yake mkono kwa mkono, bila wakala. Mtunzi amejua mstari gani umeingia. Na mgogoro ambao ungeweza kumalizwa kwa ngumi umesemwa kwa wimbo. Mtafiti Mmarekani, Kelly Askew, aliishi hapa Tanga katika miaka ya 1990, akashiriki na vikundi vya hapa, kikiwamo Babloom Modern Taarab, na sehemu kubwa ya kitabu chake kuhusu muziki na siasa za utamaduni Tanzania, kilichotoka mwaka 2002, imejengwa juu ya usiku wa namna hiyo. Amekuja mgeni kutoka mbali akaona kuwa hapa kuna elimu. Sisi tunapita barabara ileile kila siku.

Basi nini kilitokea? Kwa nini tulicho nacho leo ni kidogo kuliko tulichokuwa nacho?

Kwanza, fedha ilikauka. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mkoa huu. Zikaja kamba za nailoni, bei ya mkonge duniani ikaanguka, mashamba yakabadilisha mikono, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Viwanda vya mjini navyo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mtu asiye na mshahara hanunui tiketi ya dansi, wala hana noti ya kuinyanyua juu ya kichwa.

Pili, waajiri wa wanamuziki walikuwa Dar es Salaam. Jeshi lilikuwa na bendi zake, jumuiya za wafanyakazi na za vijana zilikuwa na zao, na redio ya taifa yenye studio ya kurekodi ilikuwa hukohuko. Mwanamuziki aliyeajiriwa kule alipata mshahara na vyombo. Aliyebaki Tanga alipata makofi.

Mchukue Bi Shakila Said, Mungu amrehemu. Alizaliwa Pangani mwaka 1947, hapo kwa jirani zetu. Sauti yake ilikomaa na Black Star, kisha Lucky Star, na nyimbo zake kama Macho Yanacheka na Kifo cha Mahaba zinajulikana kote Afrika Mashariki. Lakini ajira ya uhakika aliipata Dar es Salaam, katika kundi la taarab la JKT, na huko ndiko alikoishi mpaka alipofariki Agosti 2016. Wachukue ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliokuwa Jamhuri Jazz. Walitoka hapa wakaenda Arusha, wakatoka Arusha wakavuka kwenda Kenya, na kule wakaijenga Simba Wanyika, bendi ambayo ndani yake baadaye ilizaliwa Les Wanyika mwaka 1978. Leo ukipiga nyimbo za kina Wanyika mahali popote Nairobi au Mombasa, watu wanainuka. Wengi wanadhani ni muziki wa Kenya. Mbegu ilipandwa Tanga.

Kizazi cha Bongo Fleva nacho kimepita njia hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Wagosi wa Kaya, yaani Mkoloni na Dokta John, waliushika umma kwa lafudhi ya kwetu, wakisema kero za hospitali na za mji wao bila kumung'unya maneno. Matonya ametoka hapa. Roma ametoka hapa. Wote walilazimika kutazama Dar es Salaam, kwa sababu studio, promota na soko viko huko. Siwalaumu hata kidogo. Kijana anakwenda anakolishwa.

Matokeo yake ni haya tunayoyaona. Leo ukimuuliza kijana wa Makorora au wa Mabawa tamasha ni kitu gani, atakuambia ni lile linalokuja na magari ya wadhamini. Jukwaa linafungwa kwa siku mbili, mabango yanabandikwa, msanii mkubwa anafika jioni na kuondoka alfajiri. Msanii wa hapa anapewa nafasi saa kumi alasiri, spika bado zinajaribiwa na uwanja una watoto wanaocheza mpira. Kesho yake jukwaa limeng'olewa, na fedha za viingilio zimeondoka na magari yaleyale. Wasanii wale wana haki ya kuja na sisi tuna haki ya kuwafurahia. Lakini jiji lisilo na burudani yake zaidi ya hiyo linakodisha furaha, na kodi inalipwa nje.

Msikilizaji, tusione kuwa hili ni jambo la miji mikubwa au ya matajiri. Nilikutajia Bulabo. Wasukuma wana jumuiya mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, zenye upinzani wa miaka mingi. Zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi. Watu wenyewe, kwa miguu yao, ndio waamuzi. Mwaka Kogwa vilevile ni mali ya watu wa Makunduchi. Wageni wanakaribishwa, lakini siku wasipokuja wageni, wenyeji wataendelea.

Sasa linganisha na lililotokea mwaka 2016, pale tamasha la Sauti za Busara, mojawapo ya matamasha makubwa ya muziki Afrika, liliposhindwa kufanyika Zanzibar kwa sababu fedha hazikupatikana. Tamasha lile lina heshima yake na lilirudi mwaka uliofuata. Ila tukio lile linatufundisha kuwa jambo linalotegemea wafadhili wa mbali linaweza kusimama siku mfadhili anapogeuka.

Tuna mfano mwingine kwa ndugu zetu wa mbali. Tanga ina udugu na mji wa Eckernförde, kaskazini mwa Ujerumani, tangu mwaka 1963. Karibu na mji huo upo mji wa bandari uitwao Kiel, wenye watu wasiofika laki tatu, maana yake mdogo kuliko Tanga. Mwaka 1882 walianza mashindano ya mashua za matanga mwezi Julai. Mashindano yakavuta watu, watu wakavuta muziki na chakula, na leo Wiki ya Kiel ni sherehe inayojulikana Ulaya nzima, na sehemu kubwa ya muziki wake husikilizwa bure. Walianza na mashua na upepo. Sisi tuna ngalawa, tuna kusi, tuna ghuba iliyotulia nyuma ya kisiwa cha Toten, na tuna manahodha wa Sahare na Mwambani wanaojua kuzigeuza kwa namna ambayo mtu wa Kiel angelipa nauli aje kuitazama.

Kwa hiyo napendekeza nini? Napendekeza msimu, si tamasha la siku mbili. Kila Jumamosi ya Juni, Julai na Agosti, kuanzia alasiri, kuwe na burudani ya bure mahali palipotangazwa mapema. Jumamosi hii viwanja vya Tangamano, ijayo bustani ya Jamhuri ufukweni, inayofuata mtaa mmoja wa Ngamiani ufungwe kwa magari kuanzia saa tisa. Adhana ikiadhiniwa vyombo vinyamaze, na shughuli ifungwe saa nne usiku ili mgonjwa na mtoto walale. Kalenda itangazwe mwezi Mei. Mwenye nyumba ya wageni ajue, mama lishe ajue, mwenye bajaji ajue. Mtu wa Moshi au Mombasa anayetaka kuja aweze kupanga.

Na kila Jumamosi iwe na sura yake. Moja iwe ya taarab ya zamani, waalikwe wakongwe waliobaki wa zama za Black Star na Lucky Star, waketi na vijana wenye vinanda vya siku hizi. Moja iwe ya dansi. Moja iwe ya Bongo Fleva na vijana wa mitaani, wapande jukwaani saa ambayo watu wapo. Moja iwe ya ngalawa. Moja iwe ya mashairi, tena ifanyike Machui, kilomita chache kusini mwa jiji, alikozikwa Shaaban Robert. Mtu huyu aliyezaliwa hapa tarehe 1 Januari 1909 na kufariki mwaka 1962 ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja. Yeye mwenyewe alikwishatuonyesha kuwa mwimbaji anastahili kuandikiwa kitabu. Na mwambao huu umetoa tenzi kubwa, ukiwamo ule wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wajerumani, vita ambavyo kiongozi wa waliowapinga, Abushiri bin Salim, alinyongewa Pangani, Desemba 1889. Tenzi zile zilitungwa zisomwe kwa sauti. Zirudishwe masikioni mwa watu.

Na ziwepo Jumamosi za ngoma. Hapa nitasema wazi, kwa sababu najua kuna wazee wamekunja uso. Jina la Tanga siku hizi limefungamana na ngoma ya baikoko, na malalamiko ni mengi. Nami naungana na wanaosema kwamba ngoma ya watu wazima haina nafasi mbele ya watoto mchana kweupe. Bibi zetu walijua hili. Mambo ya unyago yalifanywa ndani, kwa wakati wake, na waliostahili. Lakini tusiihukumu ngoma yote kwa sababu hiyo. Wabondei na Wasambaa wana mdumange, Wazigua wana selo, Wadigo wana sengenya, na hizi ni ngoma ambazo mjukuu na babu wanaweza kuzicheza pamoja.

Umewahi kuwatazama wapigaji kabla ngoma haijaanza? Wanawasha moto wa makuti pembeni. Kila ngoma inasogezwa karibu, ngozi ikitazama moto, inageuzwa polepole. Mzee anaigonga kwa ncha za vidole, anatega sikio, anatikisa kichwa, anairudisha. Anagonga tena. Ikifikia sauti anayoitaka anaiondoa bila neno na kuiegemeza mtini. Kijana akiharakisha, ngozi inapasuka, na ngozi ya ngoma si kitu cha kupatikana dukani jioni ileile. Maarifa haya yamo katika vidole na masikio ya wazee wachache. Hayamo katika kitabu chochote cha shule. Mtoto wa Chumbageni akisimama pale kwa nusu saa anajifunza kitu ambacho hakuna simu itakayomfundisha.

Swali la fedha najua unalo, na ni swali la haki. Burudani ya bure kwa mtazamaji haina maana ya msanii kufanya kazi bure. Msanii alipwe, tena alipwe siku ileile. Halmashauri ya jiji inakusanya ushuru kutoka kwa wafanyabiashara ambao watauza zaidi Jumamosi kama hizo, kwa hiyo ina sababu ya kutenga fungu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, yaani nne kwa nne kwa mbili. Kikundi cha taarab cha kinamama kilichosajiliwa ni kikundi. Vijana wanaotaka kununua spika na vinasa sauti vya kukodisha ni kikundi. Nawasihi maofisa utamaduni na maofisa maendeleo ya jamii wakae meza moja na kuwafundisha wasanii wetu jinsi ya kujaza fomu zile. Wafanyabiashara wa jiji nao, wa saruji, wa maziwa, wa mafuta, wa bandarini, wachangie bila kulifunika jukwaa lote kwa mabango.

Na mtazamaji naye ana deni lake. Kama kiingilio ni bure, usije mikono mitupu. Wimbo ukikugusa, inuka utunze. Si lazima iwe elfu kumi. Mia tano ya mtu mmoja, mara watu mia tatu, ni mshahara wa mtu.

Lipo pia jambo lisiloweza kungoja bajeti yoyote. Wapigaji wa miaka ya 1960 na 1970 waliobaki ni wazee sana sasa. Mmoja wao huenda yuko nyumba ya tatu kutoka kwako, na wewe unamjua tu kama mzee anayecheza bao barazani. Muulize. Muulize alipiga chombo gani, na nani, wapi, na nani alitunga wimbo upi. Akikuridhia, rekodi sauti yake kwa simu yako, andika jina lake na tarehe, na nakala moja ipeleke maktaba au katika kituo cha redio kilicho karibu nawe. Walimu wa shule za hapa, hiyo ni kazi nzuri sana ya likizo kwa wanafunzi wenu.

Msikilizaji, Tanga haijengi kitu kipya. Vyama vya mitaa tulikuwa navyo, upinzani wa haki tulikuwa nao, na desturi ya kumlipa msanii mkononi ilikuwa yetu kabla promota hajafika. Viwanja bado vipo, upepo unavuma, na kipupwe kinarudi kila mwaka bila kuombwa. Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, wakuu wa vikundi, kaeni pamoja kabla ya bajeti ijayo, andikeni kalenda ya Jumamosi za msimu na majina ya vikundi vitakavyolipwa. Na wewe unayenisikiliza, anza na Jumamosi hii: tafuta kikundi cha mtaa wako, nenda kakitazame, na usiondoke bila kumtunza mtu.